Eti Makovu Yangu Yatamwambukiza Mwanangu

Jamani, leo nimezuiwa kumuuguza mwanangu kwa sababu ya sura yangu.

Sura yenyewe mnaijua. Ndui ilinipitia utotoni, ikaniacha kama uwanja uliochakurwa na kuku.

Asubuhi binti yangu Zaina alipelekwa kwenye kibanda cha wagonjwa wa ndui, huku Mabira. Nikamfuata na uji wa ulezi.

Mlangoni mlinzi akaniwekea mkuki. "Mzee, una ndui. Utamzidishia mtoto."

"Haya ni makovu, bwana. Ndui haimrudii mtu. Wewe ulishaugua?"

"Sijawahi," akasema kwa majivuno, shavu laini kama yai.

Kisha akanipokonya bakuli ili aingie yeye!

Nikamvuta nguo. "Umenikera, lakini sitaki ufe."

"Mzee, amri ni amri. Wewe una ndui."

Ndani Zaina akaniita mimi babake, "Tata, nina kiu."

Hapo nikaacha kubishana.

"Sawa, ninayo. Wenye ndui wanakaa wapi?"

"Humu ndani."

"Basi nipishe."

Alinipisha, tena kwa heshima.

Zaina amekunywa uji wote. Mimi hasira haijashuka. Ninyi mngevumilia?