Rufaa ya Mtu Aliyeshinda

Nilikuwa karani wa wakili mjini Same. Mteja wetu, mkulima wa Chome, alihukumiwa kunyongwa kwa kumuua jirani aliyemvamia kwa panga wakigombea zamu ya maji ya mfereji. Kwenye rufaa majaji wakakubali kwamba alijihami, wakamwachia huru.

Wiki iliyofuata akarudi na nakala ya hukumu, amenuna. Anataka kukata rufaa. Sisi Wapare kesi hatuzichoki, lakini huyu alinikera. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari unaosema alipiga kwa sababu aliogopa.

“Mimi nimwogope yule? Na kijiji kizima kimeshasoma.”

“Mzee, woga huo ndio uliokutoa kitanzini.”

Akaugonga mstari ule kwa kidole.

“Basi waandike niliogopa panga. Yeye, hapana.”