Mwendo wa Kufika Horombo

Mimi ni mtu wa haraka. Tangu usichana nilikuwa nashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, nayapandisha kichwani hadi nyumbani Marangu, na mwanamke mwenye mzigo wa majani hatembei kwa madaha. Kadiri unavyochelewa ndivyo shingo inavyoumia. Basi nikaolewa na mwanamume aliyetembea kama anahesabu hatua. Kazi yake ilikuwa kuongoza watalii Kilimanjaro. Jumapili mimi nimeshakaa kanisani, tumeshaimba nyimbo mbili, ndipo yeye anaingia, ametulia, hana hata aibu. Nilimsema sana. Nilimwambia watu watadhani nimeolewa na kobe.

Kila mwaka alinibembeleza nipande naye walau hadi Horombo, kambi ya siku ya pili. Kila mwaka nilimuuliza ng'ombe atakamuliwa na nani.

Kisha akaugua. Siku tuliyompeleka hospitali Moshi mjini, gari lilibaki barabarani kwa sababu njia ya kwetu ni nyembamba, naye akatembea kati ya migomba akinishika bega. Alisimama kila baada ya hatua tatu. Nikamwambia, "Jikaze basi, gari linatusubiri." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani alilorithi kwa wazee wake. Hakurudi akiwa hai. Tulimzika hapo hapo kihambani, karibu na kahawa, kama ilivyo desturi yetu, na kaburi linaonekana kutoka mlango wa jiko. Mwaka mzima sikwenda popote. Hata soko la Himo nilimtuma jirani. Binti yangu aliyeko Dar alipiga simu kila jioni, nami nikamjibu kwamba nipo tu. Nilikuwa nakaa mlangoni nikimwomba marehemu msamaha, na majuto hayakupungua hata kidogo.

Asubuhi moja nikachoka na mimi mwenyewe. Nikaamua niende Horombo, nifike pale alipotaka nifike. Niliona wazi kwamba nisipofika nitazeekea mlangoni pale.

Aliyeniongoza ni mwanamume wa makamo aliyejifunza kazi kwa mume wangu. Alinisalimu shikamoo kwenye geti la hifadhi, na baada ya hapo hakuniona tena karibu hadi kambini. Msituni niliwaacha wote, yeye, wapagazi, hata wageni wenye fimbo zao mbili mbili. Kambi ya Mandara nilifika wa kwanza, nikakaa nikiwasubiri kwa majivuno.

"Mama, punguza mwendo," akaniambia alipofika. "Huku hatubebi majani."

"Miguu hii imepanda milima wewe hujazaliwa," nikamjibu.

Kesho yake nililipia maneno hayo. Tulipotoka msituni na kuingia kwenye vichaka vifupi, kichwa kilianza kunigonga, macho yakajaa giza, nikatapika kando ya njia. Wageni niliowaacha jana wakanipita polepole, wakinipa pole. Niliona aibu mpaka nikakasirika.

Yule bwana akanipa maji, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, nikikuona unakimbia tena, nakurudisha chini. Sitaki ubishi."

"Kwani Horombo bado mbali?"

"Kwa mwendo wako hufiki. Kwa mwendo wa mzee utafika."

Akanieleza kwamba huko juu hewa ni nyepesi, na mwili unataka muda wa kuizoea. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kukanyaga, kuvuta pumzi, kisha kukanyaga tena. Akatangulia, na mimi nikafuata. Mungu wangu, mgongo ulikuwa wa mtu mwingine lakini hatua ilikuwa ile ile niliyoicheka miaka thelathini! Mume wangu alikuwa anatembea hivyo nyumbani kwa sababu mwendo huo ulishamwingia mwilini, na ndio uliowarudisha wageni wake wote salama kwa watu wao. Nililia huku natembea. Nilimwambia marehemu kwa sauti, kwa Kichagga, kwamba nilikosea na kwamba nilimpenda, na kila sentensi ilinichukua hatua mbili, maana pumzi haikutosha kusema kwa haraka. Kichwa kikaanza kuachia. Na moyo nao, sijui hata ni saa ngapi, ukaachia.

Alasiri tuliingia Horombo. Mawingu yalikuwa chini yangu, yameifunika Moshi yote. Nikapiga kigelegele. Wapagazi waliokuwa wanaosha masufuria wakaitikia kwa miluzi, na mpishi mmoja akagonga mwiko kwenye sinia.

"Kaa kwenye jiwe hapo, Mama, nikupige picha. Umechoka," akasema kiongozi wangu.

Nikamwambia apige nikiwa nimesimama, na kilele cha Kibo kionekane chote. Picha ikaenda kwa binti yangu. Akapiga simu papo hapo, analia na kucheka.

"Mama! Nani kakupeleka huko?"

"Baba yako," nikamjibu. "Na nimefika."