Machela Zilizorudishwa kwa Fundi

Katika miaka thelathini na miwili ya kushona maturubai, Mama Uzi hakuwahi kurudishiwa kazi. Alikuwa ameshona vifuniko vya malori, vya vibanda, vya mashine za kusaga, na kila aliyekuja kuchukua mzigo wake alirudi baadaye na mwingine. Kwa hiyo siku mdogo wake wa kiume alipoingia karakana na machela tatu begani, akazibwaga juu ya meza ya kukatia, fundi alidhani zimechafuka tu.

Machela hizo, vitanda vya kitambaa vya kuning'iniza kati ya miti miwili, alikuwa amezishona mwenyewe mwezi mmoja nyuma. Mdogo wake alikuwa mpima ardhi, na msimu ule wa joto yeye na wenzake wawili walitumwa kupima mipaka ya msitu, kazi ya wiki sita, kulala hukohuko. Mama Uzi hakutaka nduguye alale chini na siafu. Alichagua turubai nene kuliko yote dukani, akalitia bitana, akapiga kingo mishono minne. "Hii utamrithisha mjukuu wako," alimwambia.

Sasa nduguye alisimama mbele yake, macho mekundu, akizunguka mbuyu. Mwishowe akalitoa neno: wenzake wamezikataa, wanalala chini.

"Si mbovu, dada. Ni joto. Ukiingia mle, ni kama umetiwa kwenye gunia la mkaa ambao haujazimika vizuri."

Mama Uzi alizigeuza machela zote tatu, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Hakukuta uzi hata mmoja uliolegea. Jioni alimsimulia mumewe, mwokaji mikate aliyestaafu, akitumaini kuhurumiwa. Mume alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema yeye amekaa na tanuri miaka arobaini na anachojua ni kwamba joto halimheshimu fundi. Kulipopambazuka, mkewe alikuwa ameshafunga mzigo. Anakwenda kulala humo mwenyewe, alisema, aone kazi yake imekosa nini.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na hakuwahi kulala usiku hata mmoja pasipo ukuta.

Kambi aliikuta bondeni, kando ya kidimbwi, mahali wanaume walipopachagua ili wasihangaike kuteka maji. Kulikuwa na mchora ramani, mtu mkimya mwenye miwani, na mwingine mrefu kupita kiasi waliyemwita Ngamia. Jina hilo hakulipata kwa urefu tu. Alikunywa maji asubuhi na jioni, basi, na alijivunia hilo.

Usiku wa kwanza Mama Uzi alijikaza kisabuni. Nduguye alimfungia machela jinsi walivyozoea, turubai la mvua likiwa limeshushwa pande zote mbili mpaka karibu na majani, chandarua kikimgusa pua. Majani hayakutikisika. Bitana ilinywa jasho, ikalirudisha, ikalinywa tena. Alijaribu kugeuka, machela ikamkunja kama barua kwenye bahasha. Hakupata lepe la usingizi. Mbu waliokuwa kidimbwini walikuja kumwimbia sikioni, na yeye, aliyezoea kulaumu vitambaa vya watu wengine, alikesha akikilaumu chake.

Asubuhi nduguye aliuliza kwa adabu kama amelala.

"Mdogo wangu," alisema, "mnisamehe. Nimewashonea kifuniko cha lori."

Wanaume walipokwenda kazini, fundi aliketi kivulini akaanza kufumua. Bitana ilitoka kwanza. Kisha akaona hata turubai lenyewe halifai, maana lilikuwa limefumwa kuzuia maji yasipite, na upepo nao ulikuwa haupiti. Mzigo wake aliuleta umeviringwa kwa kitambaa cha mwavuli, mita nyingi alizokuwa amebakiza kutoka kazi nyingine, chepesi kama ganda la kitunguu lakini kisichochanika ovyo. Alikata humo machela moja, ndefu na pana kuliko zile za mwanzo, akahamishia kamba za ile ya zamani. Chandarua alikitia kamba ya juu, kikae mbali na uso wa mtu.

Yote hayo yalikuwa kazi ya mkono aliyoizoea. Lililobaki hakulizoea. Saa kumi na moja jioni alichukua uzi mwembamba wa kutarizi, akaufunga kwenye ncha ya kijiti, akaanza kutembea nao ameuinua kama mtu anayevua samaki hewani. Wanaume walirudi wakamkuta hivyo. Kidimbwini uzi ulining'inia umekufa. Akapanda kidogo, ukatingishika. Alipofika begani mwa kilima, mahali pasipo na vichaka vya kukinga, uzi ulinyooka wenyewe, ukabaki umenyooka.

"Hapa," alisema.

Nduguye alilalamika kuwa maji yatakuwa mbali. Mama Uzi akamwambia maji yana ndoo, usingizi hauna.

Waliifunga machela ya kitambaa cha mwavuli ikikingama upepo, ili hewa ipite chini na juu. Turubai la mvua lilipandishwa juu sana, pembe zake zikavutwa mbali kama paa la baraza. Kwa kuwa mbingu ilikuwa kavu, nusu yake ilikunjwa upande mmoja, tayari kufunguliwa wingu likija. Kisha fundi akamwita Ngamia ajaribu, kwa kuwa ikimbeba yeye itambeba yeyote. Ngamia alikaa, kitambaa kikalia kri. Hakikuchanika. Ila miguu yake ilijitokeza nje, magoti yamepanda, kidevu kimezama kifuani.

"Usilale kama umenyooshwa na rula," Mama Uzi alimwambia. "Kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika. Lala mshazari nawe."

Ngamia akasogeza kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili. Machela ikatandazika chini yake, karibu tambarare, na nyayo zake zikaingia ndani kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile. Alitabasamu tu kwa namna ambayo ilimfanya mchora ramani avue miwani na kuomba zamu.

Lakini usiku ule machela ilikuwa ya fundi. Alioga maji ya kidimbwi, akavaa nguo kavu, akanywa vikombe viwili vya maji na kumlazimisha Ngamia anywe vitatu. Akalowesha kitambaa, akakikamua, akajiwekea shingoni. Upepo ulikuja, ukapita chini ya mgongo wake, mahali ambapo godoro lisingeuruhusu kufika. Alikusudia kukaa macho ili aone kasoro. Alihesabu nyota kwenye tundu za chandarua kama anavyohesabu tundu za sindano, akafika ishirini na kitu.

Alipofungua macho, jua lilikuwa juu ya miti na kambi ilikuwa tupu. Shuka jepesi lilimfunika miguu. Alikuwa amelivuta mwenyewe alfajiri, baridi ilipoingia, bila kuamka. Nduguye alirudi kuchukua mnyororo wa kupimia, akamweleza kuwa walimwita mara tatu, kisha wakaona ni dhambi kumwamsha.

Mama Uzi alicheka peke yake muda mrefu, amelala mshazari, mkono mmoja ukiburuza majani. Alikuwa amesema atakaa usiku mmoja. Siku ya tatu mumewe alipiga simu kuuliza karakana itafunguliwa lini, akajibiwa kuwa majaribio yanaendelea. Kila mchana alishona machela nyingine, kwa kitambaa kilekile, na ya nne, ambayo hakuna aliyemwagiza, aliishona ya upana wa watu wawili.

Siku ya sita mume alitokea kilimani akihema, kikapu cha mikate mkononi, akasema yeye si mtu wa kutundikwa kama nguo. Mkewe hakubishana. Alimwonyesha pa kukaa kwenye ile ya watu wawili, akamgeuza mabega, akaingia upande wa pili. Mzee alianza kueleza kwamba upepo wa aina hii humletea mtu mafua, hasa aliyezoea tanuri, na kwamba kesho mapema wote wawili lazima...

Mama Uzi alisubiri neno lililobaki. Halikuja. Naye akapitiwa na usingizi.