Msoma Nyuso

"Mimi uso wa mtu nausoma kama gazeti," mkufunzi alijigamba redioni, na hospitali nayo ikamwita awafundishe wauguzi kutawala hisia kazini. Muuguzi wa wodi ya watoto alimtazama tangu asubuhi: vidole laini ambavyo havijawahi kukamua tambara, sauti ya kubembeleza utadhani anauza godoro, na kila akiuliza swali anavua miwani kuipangusa, hata hamwoni anayejibu. Simu zote alizikusanya kikapuni. Kisha akagawa kadi zenye sura za kuchorwa, kila mtu ainue inayofanana na moyo wake. Muuguzi akainua inayolia.

"Badilisha, dada yangu. Hapa tunaanza na tabasamu."

"Mama yangu yuko chumba cha upasuaji hapo juu tangu alfajiri. Naomba simu yangu tu."

"Mmeiona hasira?" akawauliza wengine, miwani mkononi. "Hiyo ndiyo niliyowaambia."

Kikapu kikaanza kutetema. Mkufunzi akakisukuma kwa kisigino hadi chini ya kiti chake, akamwambia muuguzi avute pumzi mara kumi. Alivuta tatu. Kisha akaenda kupiga magoti miguuni pa bwana yule, si kwa heshima, akaingiza mkono chini ya kiti, akaitoa simu yake na kuipokea.

"Mama ameamka," mdogo wake alikuwa akisema. "Anakuulizia wewe."

"Anayetoka hapati cheti," ile sauti tamu ikamfuata mlangoni, "na kozi atairudia kwa pesa yake."

Kuirudia ni shilingi elfu themanini; muuguzi alikuwa tayari anapanda ngazi.