Pindo la Akiba

Fundi cherehani wa chumba cha mwisho huongea pini zikiwa mdomoni. Sikukuu ikikaribia, familia huja na jora moja la kuwashonea wote sare, baba mpaka kitoto cha mgongoni, naye huwapima huku akitania: "Pumua kawaida, shemeji, tumbo hilo tumeshaliona." Kila gauni la mtoto huliachia pindo nene kwa ndani. Huliita akiba, ili mtoto akirefuka lifumuliwe na kushushwa. Nyuma ya mlango yametundikwa magauni mawili ya njano, lake mwenyewe na la binti yake anayelelewa na bibi mbali; safari hii ameahidiwa kwamba mtoto ataletwa. Lile la mtoto alilikata kwa kukumbuka tu kimo chake. Mara nyingine mguu husimama kwenye cherehani, akijiona akilini yeye na bintiye wanatoka wawili njiani, mtoto akizunguka ili gauni lifunguke.

Jana jirani alikuja na bintiye kuchukua nguo.

"Mama, wewe na mwanangu ni rika moja," fundi alimwambia mtoto. "Hebu niazime mwili wako."

Akamvika lile gauni dogo la njano, likaishia juu ya magoti.

"Hilo la mdoli, mwenzangu," jirani akacheka. "Watoto hawakusubiri ukumbuke."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja. Akapiga magoti, akafumua pindo, akiba yote ikashuka, na magoti bado yakaonekana. Kisha akalitungua gauni lake mwenyewe, akaligeuza ndani nje.

"La kwangu nalo lina akiba," akasema, akishika mkasi. "Mimi sirefuki tena."