Kaseti Iliyoandikwa Sauti ya Mama

Bendi yenyewe ni ya Waingereza, watu watatu na mashine zao, na hapa Ibra, Omani, sijakutana na mtu anayeijua. Mimi naijua yote. Nina daftari nimeandika kila walichotoa: albamu nne, singo zote, rimiksi, na zile nyimbo ambazo hazikuingia albamu yoyote, zilibandikwa nyuma ya singo basi. Hizo ndizo nizipendazo. Zinasikika kama watu waliorekodi huku wanaogopa kumwamsha jirani. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Mimi kuongea na watu ni shida.

Nikataka nizikusanye kwenye kaseti moja, kama kwamba wenyewe ndio walioitoa. Kaseti tupu haziuzwi tena. Baba nilimtuma aulizie Nizwa anakofanya kazi, akarudi akinicheka, ati nijaribu makumbusho. Ila bibi, mama yake baba, ana redio kaseti kabatini na sanduku la kaseti zake. Nyingi ni za Qurani, sikuzigusa. Moja ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Nikaisoma kwa Kiarabu, kama tunavyosoma darasani: sauti yangu, ewe mama. Nikasema huyu ni shangazi zamani, alikuwa mtoto anachezea redio.

Vile vijino viwili vya plastiki juu ya kaseti vilikuwa vimevunjwa. Nilijua maana yake, mwenyewe hataki irekodiwe tena. Nikaziba matundu kwa selotepu. Wala sikuisikiliza kwanza.

Jumatano, bibi na mama walipokwenda soko la wanawake, nikafunga mlango, nikazima AC mlio wake usije ukaingia ndani ya kaseti, nikaweka simu ipige nyimbo mbele ya redio. Nguo ziliniloa jasho. Upande wa kwanza ukajaa wote, wa pili ukabaki kidogo tu mwishoni. Kusema kweli nilifurahi kuliko siku ya Idi.

Mwezi uliopita bibi alipelekwa hospitali kwa ajili ya masikio. Daktari akasema moja limeshakufa, na la pili linafuata. Tulipofika nyumbani akaketi kitandani, akaniambia nimtolee kaseti ya mama yake. Nikamuuliza ipi. Akasema ile aliyoiandika kwa mkono wake, sauti ya mama. Mama yake alibaki Unguja, bibi alipohamia huku. Alizungumza kwenye kaseti hiyo, akampa msafiri, na mwaka haukwisha akafa.

Bibi Kiarabu cha kuandika hajui. Alisoma chuo cha Qurani tu, kwa hiyo Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu. Mimi nikasoma Kiswahili chake kwa Kiarabu, "ya" yake nikaifanya "ewe".

Ningesema pale pale. Badala yake nikaiweka kaseti ndani.

Akalaza sikio lililobaki juu ya redio. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, akanyanyua kidole nisiizime. Alidhani muziki ni wa mwanzo tu, mama yake atakuja. Alisikiliza upande mzima hivyo, kisha akaniambia nigeuze. Nikageuza. Tulipofika wimbo wa tatu nikashindwa.

"Bibi, nimeifuta. Ni mimi."

"Umefuta nini?"

"Nimerekodi hizi nyimbo juu ya mama yako. Sikujua ni yeye."

Nilimsemea karibu na sikio, ikabidi niseme mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Hakunipiga wala hakulia.

"Nyamaza basi, nisikilize."

Nyimbo zikaisha. Ukasikika mkwaruzo, halafu sauti ya mwanamme: "Haya, bi mkubwa, tepu hiyo inamalizika." Na bibi mmoja mzee, kwa mbali kidogo, akauliza, "Ishakwisha?"

Basi. Hapo tepu ikaisha, kitufe kikaruka.

"Rudisha," bibi akasema.

Kurudisha barabara hakuwezekani, kila mara tunaangukia kwanza mkia wa wimbo wa Waingereza, ndipo waje wao. Hanikatazi kitu, wala hajamwambia baba. Kila siku baada ya alasiri ananiita, nakaa sakafuni, nabonyeza.

Daftari lile siliandiki tena. Nyimbo zenyewe nazisikia kila siku, nusu dakika.

Juzi, sikio likiwa juu ya redio, aliniuliza mbona sibonyezi. Nilikuwa nimeshabonyeza. Mama yake alikuwa ameshauliza, na ameshanyamaza.