Nilimwambia Yaya Wangu Apande Mashua

Kosa ni langu. Naanza hapo ili msije mkanionea huruma mkifika katikati. Kuna mtu aliyenipenda kuliko baba yangu mzazi, nami nikamkalisha kwenye mashua, nikamchekea njia nzima, nikampeleka kwenda kuumizwa.

Kwetu Uvira mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kike au wa kiume. Yaya wangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Ni fundi cherehani hapa Johannesburg, Malvern, ana chumba cha mbele pale Jules Street, anashona sare za kwaya na suti za harusi. Nilipoingia mji huu na mfuko mmoja wa nailoni, yeye ndiye aliyenipokea. Mwaka mzima nililala chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Mkewe, shemeji yangu, alinipakulia chakula kabla ya kuwapakulia watoto wake. Hiyo ndiyo familia niliyoiuza.

Mimi nilikuwa mlinzi kwenye geti la ofisi moja kule Randburg. Masaa kumi na mawili umesimama, mtu na gari lake anakupigia honi kama anaita mbwa. Siku moja nikaona tangazo kwenye simu: kazi ya kuhudumia wateja, Thailand, ujue Kiingereza tu, tiketi wanalipa wao.

Yaya aliniambia wazi. "Mdogo wangu, mtu asiyekujua hawezi kukununulia tiketi ya ndege. Kaa."

Nikamwona mshamba. Nikaenda.

Bon, sikilizeni nilikofika. Bangkok walinipokea kwa gari, wakanipeleka kaskazini mpaka mto Mekong. Mto wenyewe ndio mpaka: upande huu Thailand, ng'ambo Laos. Wakanipandisha mashua ndefu ya mbao, ya kubebea mizigo, inayopanda mto polepole mno, masaa matano mazima. Mwishoni ikakata maji kwenda ng'ambo na hakuna mtu aliyenigongea muhuri. Kule kulikuwa na majengo marefu ndani ya ukuta wenye nyaya. Lango likafungwa, pasipoti ikachukuliwa hata mfuko sijautua.

Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya mwanamke mzuri kwenye simu, kuwabembeleza wajane na wagane wa Ulaya na Amerika mpaka watume akiba zao. Usiponasa watu wa kutosha, unapigwa. Kuna kiti cha chuma kwenye chumba cha chini. Wanakufunga mikono, wanakumwagia maji, halafu wanakuchoma na fimbo ya umeme mpaka unajinyea. Nasema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Mganda mmoja niliyelala naye chumba kimoja aliruka kutoka ghorofa ya nne. Walimfunika turubai, sisi tukaambiwa turudi kwenye simu.

Mwezi wangu wa tano kule ndani, msimamizi wangu aliniita. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hajawahi kunipiga kwa mkono wake. Akasema, "Lete mtu mmoja anayejua Kiingereza, wewe urudi kwenu." Nikakataa siku mbili. Siku ya tatu walinirudisha kwenye kiti. Nilipotolewa pale nikaomba simu.

Mtaniuliza kwa nini yaya. Kwa sababu wiki ile ile kundi la watu lilipita Jules Street likivunja maduka ya wageni. Walivunja mlango wake, wakabeba cherehani zote tatu, wakampasua paji la uso na nyundo. Shemeji alikuwa amenitumia picha, nikaikuta kwenye simu yangu waliyonirudishia kwa muda: uso umevimba, nyuzi saba juu ya jicho. Niliitazama ile picha nikawaza: sasa atakubali. Hilo ndilo wazo lililonijia, Mungu anajua.

Nikampigia. Nikamwambia huku kazi ni ya kukaa tu, kiyoyozi, chakula bure. Akauliza, "Wewe mwenyewe uko sawa?"

"Niko sawa, yaya."

"Basi nitakuja. Lakini sipandi chochote huko mpaka nione uso wako."

Mnaotoka kwetu mnaelewa maana yake. Mtu wa ajenti hatumwamini, karatasi hatuziamini, tunaamini uso wa ndugu. Ukifika mji wa watu, ndugu yako ndiye anakuja, anakubebea mzigo, anasema twende, na wewe unafuata bila swali. Yaya aliniwekea sharti lile ili ajilinde. Nilipomtafsiria msimamizi, alifurahi sana. Akanipa shati la mikono mirefu la kufichia alama, akanipa na mtu wa kunisindikiza, bastola kwenye mkoba wa kiunoni. "Ongea lugha yenu," akasema, "ila tabasamu. Akikimbia, kile kiti utakikalia wewe."

Siku aliyofika walinishusha mto usiku, asubuhi nikamkuta yaya gatini, upande wa Thailand, amekaa juu ya sanduku lake, kovu bado jekundu juu ya jicho. Aliponiona akaninyanyua juu mbele za watu. "We! Umekuwa mwembamba kama sindano namba tisa. Huku hakuna ugali, au ni uvivu wa kuusonga?" Nikacheka. Nikambebea sanduku, nikasema twende.

Masaa matano. Mashua ilibeba magunia ya mchele, kuku kwenye matenga, na mama mmoja aliyekuwa akimenya mananasi. Ilikwenda pembeni pembeni mwa ukingo wa Thailand, polepole, mpaka mbwa wa nchi kavu anatupita. Yaya alifurahia kila kitu. "Hii ni injini au ni mtu mwenye kifua kikuu?" Akafungua sanduku akatoa shati la kitenge, ameshona kwa mkono kwa kuwa cherehani zilikwisha kuibwa. "Nilikisia mabega yako ya zamani. Sasa itabidi nilipunguze."

Nikalivaa juu ya lile nililopewa. Nikasema asante yaya. Nikatabasamu kama nilivyoagizwa.

Yule wa bastola alilala, kofia usoni. Kwenye mashua nzima hakuna aliyejua Kiswahili hata neno. Ningeweza kusema yote kwa sauti ya kuagiza chai. Yaya, hawa ni wauaji, usifike. Maneno matano tu! Nilikuwa nayo mdomoni, nikawa nayameza, nikawa namwonyesha ndege juu ya maji.

Akanishika mkono kutazama saa yangu. Sikujua mkono wa shati ulikuwa umepanda. "Hapa umeungua na nini?"

"Mafuta ya kupikia."

Yaya anapiga pasi kila siku ya maisha yake, anajua kuungua. Alilitazama lile duara la ile fimbo ya umeme kwenye kifundo cha mkono wangu kwa muda mrefu, halafu akaurudisha mkono wangu pajani taratibu. Hakutania tena.

Baada ya masaa matatu mashua ilisimama kwenye gati dogo, bado Thailand, kushusha magunia. Juu ya ngazi palikuwa na kibanda cha polisi, askari wawili wamekaa kwenye benchi wanakula tambi. Yaya akashuka kujisaidia. Aliporudi hakupanda. Alisimama mguu mmoja kwenye ubao, mguu mmoja nchi kavu, mgongo wake kwa wale askari.

"Mdogo wangu, kuna nini? Niambie mimi."

Hatua ishirini mpaka kwenye lile benchi. Angefika hata kwa kutembea. Mimi nilikuwa naona kile kiti cha chuma, nasikia na harufu yake.

Nikasema, "Panda yaya, tutachelewa."

Akapanda. Kwa kuwa ni mimi niliyesema, alipanda. Masaa mawili yaliyobaki alikaa karibu nami, bega kwa bega, na hakuniuliza kitu kingine.

Langoni walimwomba pasipoti akakataa. Wanne walimwangusha, wakampiga mateke ya mbavu mbele yangu mpaka akatapika damu kwenye viatu vyao. Ndipo akaelewa. Alinitazama akiwa chini, na mimi nikatazama pembeni.

Kazi hakuiweza. Vidole vyake vimezoea kitambaa, kwenye simu vilikuwa vizito, na kila alipotakiwa kumdanganya bibi wa watu alikuwa anaandika polepole kama mtu anayeomba radhi. Siku ya tisa msimamizi alituita wote ukumbini. Akanipa bomba la plastiki, lile gumu la maji. Akasema niliyemleta ni mzigo, kwa hiyo nimfundishe mimi. Nikikataa, safari yangu ya kurudi imekufa.

Nilimpiga mgongoni. Nilipiga kidogo, wakaniambia zaidi. Nikapiga zaidi. Yaya alikuwa amepiga magoti, hakulia, ila alikuwa ameuficha mkono wa kulia tumboni. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Piga, lakini mkono huu niachie. Nina watoto."

Msimamizi hakuelewa maneno. Aliona tu kwamba anaficha mkono. Akamwambia mmoja wao auvute, auweke juu ya meza. Akanitazama.

Nikaupiga. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nilisikia mfupa. Yaya wangu alilia mara moja tu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata siku tulipomzika mama yake. Mkono ule ulinishonea kila nguo niliyovaa Johannesburg.

Wakanirudisha kwetu. Neno lao walilitimiza, washenzi wale. Nilirudi mtoni kwa mashua ile ile.

Hapa Malvern shemeji alinipokea kwa kilio. Alinikanda mgongo kwa maji ya chumvi, akinipa pole kwa kila kovu. Nikamwambia yaya hajambo, yuko jengo jingine wasikopiga watu, ila simu haziruhusiwi. Kanisani wakanisimamisha nitoe ushuhuda. Nikasimama, nikasema Bwana ametenda, vipigo sikuvitaja. Watu walipiga makofi mpaka mikono ikachoka. Baada ya ibada mwanakwaya mmoja akanifuata, akitaka namba ya ajenti aliyenipeleka Thailand. Eish. Nikamwambia imepotea, nikatokea mlango wa nyuma.

Miezi minane nilikula kwa shemeji kila Jumapili.

Halafu juzi yaya akapiga. Ameazima simu kwa siri. Shemeji alipiga kelele, akaiweka simu kwenye spika, watoto wakazunguka meza. Yaya akawasalimu mmoja mmoja, sauti imekwaruzika. Akauliza, "Mdogo wangu yupo hapo?"

Nikasema nipo.

"Umewaambia?"

Chumba kizima kilinigeukia. Nikajibu, "Yaya, jipe moyo, tunakuombea."

Nilimsikia anapumua. Kisha simu ikakatika, na namba ile tangu hapo haipatikani.

Shemeji si mjinga. Aliwatoa watoto, akafunga mlango, akasema, "Ulitakiwa kutuambia nini?" Nikamwambia. Yote, mpaka ile meza, mpaka ule mkono. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alichukua ile mita ya mbao ya kupimia vitambaa, akanipiga nayo. Kichwani, usoni, popote. Sikujikinga. Ilipovunjika alinipiga na kipande kilichobaki, akapasua sikio langu, mpaka akaishiwa nguvu akakaa chini.

Akauliza, "Mlikaa mashuani muda gani?"

"Masaa matano."

"Masaa matano, shemeji. Na neno moja hukulipata?"

Akafungua mlango, akawaita watoto. "Waambie na hawa. Waambie Kizungu, waelewe."

Watoto wa yaya wamezaliwa hapa, Kiswahili wanakisikia tu juu juu. Nikawaambia kwa Kiingereza, damu inanichuruzika shingoni, na kwa Kiingereza hakuna pa kujificha, maneno yanatoka mafupi na makavu. Binti mkubwa, ana miaka kumi na miwili, akaniuliza kama baba yake alinirudishia hata pigo moja. Nikasema hapana. Akawachukua wadogo zake wakaingia ndani.

Shemeji sasa anazunguka ofisi za polisi na za balozi akiwa na picha ya mumewe. Namfuata nyuma kutoa maelezo, kwa sababu mimi ndiye najua lile gati na majengo yale. Hanisemeshi. Anaponihitaji ananinyooshea kidole, nami naeleza.

Sasa nyinyi mnaosoma. Ndugu yako akikuita nchi ya mbali, usitosheke kwamba umeuona uso wake. Mtu aliyechomwa umeme anaweza kutabasamu vizuri sana. Ukimwuliza swali akakwepa, shuka, hata kama atanuna, hata kama mzigo wako utabaki ndani.

Na wewe uliyeko kule ndani, unayeambiwa umlete mmoja ili utoke: nakujua, nilikaa kwenye kiti hicho hicho. Usimwite. Na kama umeshamwita na amefika, sema, ukiwa bado upande wa huku wa mto. Watakupiga, sikufichi, watakupiga vibaya sana. Lakini mimi nilipigwa kwa miezi mitano, na mgongo wangu ulipona kwa wiki tatu.